Injini ya pikipiki imenoki: naweza kuifungua mwenyewe nyumbani?

Msomaji wa Hombolo ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, ile ya pushirodi. Nina miaka minne nayo, nabebea zabibu na abiria kati ya huku na mjini Dodoma. Miezi miwili hivi ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kula oili. Wiki iliyopita nikiwa na mzigo ikaanza kukosa nguvu, ikalia kama chuma kinakwaruza chuma, ikazima. Kiki ikagoma kabisa kushuka. Kesho yake asubuhi kiki ikashuka, tena nyepesi mno, lakini haiwaki. Fundi wa hapa hata hakuifungua, akasema imenoki, nitafute laki mbili na themanini. Sijawahi kufungua injini, nina spana za kawaida tu. Naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani? Na ni kweli oili yoyote inafaa?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Najua kwa mtu anayekula kwa pikipiki, siku moja ya kusimama ni siku ya watoto kuuliza chakula. Nusu ya juu ya injini, yaani hedi, bloku, pistoni na ringi, unaweza kuifungua na kuifunga mwenyewe kama una subira na siku mbili za kazi. Nusu ya chini, kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), beringi na giaboksi, usiiguse. Ile inataka vifaa na mkono uliozoea. Na kuna jambo ambalo naliweka mbele ya mengine yote: usinunue hata ringi moja kabla hujajua kilichoiua hii pistoni. Pistoni mpya ikiingia kwenye ugonjwa uleule, itakufa kifo kilekile.

Maelezo yako yameshanisaidia. Pistoni ni ya aluminiamu na bloku kwa ndani ni chuma. Joto likizidi, aluminiamu inatanuka kuliko chuma, pistoni inashika ukutani na injini inazima; huko ndiko kunoki. Ikipoa usiku inasinyaa, inaachia, na ndiyo maana asubuhi kiki ilishuka. Wepesi wa kiki unasema kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa juu ya pistoni, imetoka. Moshi wa bluu wa miezi miwili unasema oili ilikuwa inapita kwenye ringi na kuungua. Kwa hiyo mimi naona hadithi ya hatua tatu: kitu kilizila ringi, ringi zikapitisha oili, oili ikaisha, injini ikakauka. Umeiona hatua ya mwisho tu, ile ya barabarani. Sasa tutafute ya kwanza.

Kabla ya kufungua chochote, mwaga oili kwenye beseni safi kisha uichuje kwa kitambaa cheupe. Angalia kilichobaki kwenye kitambaa. Vumbi linalometameta kama unga wa fedha, na sumaku hailigusi, hilo ni aluminiamu ya pistoni, tulilitarajia. Ukikuta vipande vinavyokatika kama kucha na sumaku inavinyakua, hivyo ni chuma cha gia au beringi. Hapo simama, funga bolti yako, mpelekee fundi mwenye karakana. Ukipima pia kiwango cha oili iliyotoka utajua mengi. Injini za aina hii hubeba lita moja hivi. Ikitoka nusu lita au chini, umeshapata sehemu ya jibu.

Jambo jingine la kufanya mapema: toa plagi, mwaga kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu lake, piga kiki mara kadhaa, halafu ziba tundu kwa kidole gumba na upige tena. Pumzi ikirudi kwa nguvu, ringi ndizo mbovu, kwa sababu oili imeziba mwanya wake kwa muda. Isiporudi, huenda valvu, ile milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, nazo zinavuja.

Mahali pa kazi ni pa kuchagua. Huku kwetu upepo wa kiangazi hauombi ruhusa, na vumbi la Dodoma likiingia kwenye injini iliyo wazi umefanya kazi bure. Anza asubuhi na mapema upepo haujaamka. Osha injini nje kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke. Nyunyizia maji sakafu ya baraza kama unavyofanya kabla ya kufagia, tandika shuka kuukuu au turubai safi. Jiko la mkaa na sigara vikae mbali, maana kabureta itakuwa na petroli. Funga koki ya mafuta, toa waya wa betri.

Spana za kawaida zitakufikisha mbali: namba 8, 10, 12 na 14, soketi zake, spana ya plagi, koleo ya ncha nyembamba. Kuna vitu viwili vya kuongeza. Kimoja ni fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya; haina bei kubwa na bila hiyo unabahatisha. Kingine ni kadibodi. Toboa matundu, chora umbo la injini, kila bolti unayoitoa ichomeke mahali pake. Bolti za injini hazilingani urefu, na bolti ndefu ikiingia tundu fupi inapasua aluminiamu. Piga na picha kwa simu kila hatua.

Toa tangi, kabureta na eksozi. Nati za eksozi kama zimeshika kutu, zimwagie mafuta ya kulainishia na uziache usiku mzima. Ukilazimisha, studi (bolti isiyo na kichwa) inakatika ndani ya hedi na kazi inakuwa nyingine. Toa kifuniko cha valvu. Zungusha magneti, lile gurudumu zito la upande wa kushoto wa injini, mpaka alama ya T ikae mkabala na alama ya kwenye kifuniko, huku roka zote mbili, vile vyuma vinavyobonyeza valvu, zikiwa zinacheza kidogo ukizitikisa. Hapo pistoni iko juu na valvu zote zimefunga. Legeza nati nne kubwa za hedi kwa kupishana mshazari, kidogo kidogo, usimalize moja ukaenda nyingine. Usisahau bolti ndogo za pembeni. Nimeona hedi nyingi zimevunjwa kwa sababu mtu aliivuta kwa nguvu wakati bolti moja ndogo bado iko ndani. Hedi ikigoma, igonge taratibu kwa kipande cha mti. Bisibisi isiingizwe kati ya hedi na bloku hata kidogo, inaacha jeraha ambalo gasketi haiwezi kuziba.

Pushirodi, zile fimbo nyembamba zinazosukuma roka, zikitoka, andika ipi ni ya valvu ya kuingiza na ipi ni ya kutoa. Bloku likianza kupanda, kabla pistoni haijatoka chini yake, sokomeza kitambaa safi mdomoni mwa krankikesi, kasha la nusu ya chini. Ringi iliyovunjika ikidondokea mle, itakubidi ufungue nusu ya chini tuliyosema hatuigusi. (Kama pikipiki ingekuwa ya cheni ya taimingi, kama Boxer au TVS HLX, hapa kungekuwa na kazi ya ziada ya kulegeza tenshena na kufunga cheni kwa waya isizame. Yako haina hiyo. Ni umbo lililotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa makusudi kwa barabara mbaya na matunzo haba, na kwa anayejifunza sijaona injini iliyo rahisi zaidi.)

Toa klipu na pini inayoishika kwenye konirodi (mkono unaoiunganisha na kranki), sasa pistoni iko mkononi. Usiitupe kwenye debe. Ipeleke kwenye mwanga wa jua uisome.

Ukiona mikwaruzo myembamba ya wima imeizunguka pande zote, ngozi yake imekuwa ya kijivu iliyofifia badala ya kung'aa, na ringi zimekonda mpaka makali yake yanakata kama wembe, hilo ni vumbi. Mchanga wetu ni mgumu kuliko chuma cha bloku, unasaga kama msasa kila pistoni inapopanda na kushuka. Ukiona upande mmoja, mara nyingi ule wa eksozi, aluminiamu imebabuka na kupakwa ukutani mwa bloku kama siagi kwenye mkate, hilo ni joto na ukavu wa oili. Na ukikuta kichwa cha pistoni kimeyeyuka au kina tundu, tafuta upande wa mafuta: kabureta inayotoa petroli kidogo mno, au hewa inayoingia kwa wizi kati ya kabureta na hedi. Kwako nadhani utakuta ya kwanza na ya pili kwa pamoja, ya pili ikiwa mtoto wa ya kwanza.

Basi nenda kwenye eya klina, yaani chujio la hewa. Fungua, toa sponji, halafu ingiza kidole ndani ya ule mpira unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, umempata muuaji. Ukunje mpira wenyewe huku na huku. Mwanzoni mwa kazi yangu nilifunga ringi mpya kwenye pikipiki ya mzee mmoja wa Bahi. Sponji niliiosha vizuri, mpira nikautazama tu ukiwa mahali pake. Ulikuwa na ufa upande wa chini, unaofunguka pale tu injini inapovuta hewa. Baada ya wiki sita mzee akarudi na moshi uleule. Nilimfanyia kazi upya bila malipo, lakini siku alizokosa shambani msimu wa mpunga sikuwa na namna ya kumrudishia. Tangu siku ile, mpira naukunja wote, kwenye kila pikipiki. Mpira wenye ufa ni wa kubadilisha, usiuzungushie tepu. Na wale wanaotoa sponji ili pikipiki "ipumue", kwa vumbi la Hombolo wanaivutia injini mchanga moja kwa moja.

Turudi kwenye bloku. Pitisha ukucha ukutani. Kama unakwama kwenye mkwaruzo, bloku hilo halipokei ringi mpya likiwa hivyo. Kama haukwami, bado pima. Chukua ringi ya juu, iingize kwenye bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kupinda, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kwa bloku la upana kama wa 56.5 mm, ringi mpya kwa kawaida huacha mwanya wa 0.15 hadi 0.35 mm, ukifika 0.5 mm muda wake umekwisha. Pima juu, katikati na chini. Ringi ni ileile, kwa hiyo mwanya ukitofautiana, ni bloku lililolika. Kila 0.3 mm ya tofauti ya mwanya ni karibu 0.1 mm ya upana wa bloku, na hiyo 0.1 ni nyingi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kukereza: unanunua pistoni ya ovasaizi, yaani pana kuliko ya awali kwa 0.25 au 0.50 mm, kisha unapeleka pistoni na bloku pamoja ili bloku likatwe kwa kipimo cha pistoni hiyo hiyo. Ukikereza kwanza ndipo utafute pistoni, utakuta haziendani. Ya pili ni kununua bloku kamili na pistoni yake. Kwa wewe unayeanza nakushauri hii ya pili. Kukereza ni kazi nzuri mikononi mwa mtu mwenye maikromita na anayemalizia kwa mistari ya kupishana inayoshika oili. Asipokuwa nayo, unalipia tundu pana tu. Na uamuzi wa kuvalisha ringi mpya kwenye bloku lililokwaruzika, ili kuokoa fedha, ninaukataa kabisa. Moshi utarudi kabla hujamaliza hata tangi chache.

Liwe jipya au la kukereza, bloku lioshwe. Hapa wengi wanakosea, hata mafundi: wanalifuta kwa petroli. Petroli inaondoa mafuta lakini inaacha unga wa chuma na wa jiwe la kusagia umejificha kwenye ile mistari. Chukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, sugua kama sufuria iliyoungua. Suuza, kausha, paka oili, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, rudia. Nimewahi kurudia mara nne. Kikitoka cheupe, paka oili mara moja, kwa sababu kutu haichelewi.

Hedi ipimwe valvu. Igeuze, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la kabureta, kisha la eksozi, usubiri dakika tano. Upande wa chumba cha moto ukibaki mkavu, valvu ni nzima. Zikivuja, zinasagwa kwa pesti ya kusagia. Hilo jifunze kwa kumtazama fundi mara moja kwanza. Kisha ushike konirodi pistoni ikiwa imetoka. Kuyumba kidogo kulia na kushoto ni kawaida yake. Kucheza juu na chini, hata kwa kiasi cha kusikia "tk", ni beringi ya kranki imekufa, na hapo kazi ya nyumbani imeishia.

Kufunga ni kurudi njia uliyokuja, ukiwa msafi zaidi. Ringi zina herufi ndogo upande mmoja. Herufi zitazame juu. Mianya yake isikae mstari mmoja, itawanye kama mafiga matatu. Pistoni yenye neno IN, neno hilo lielekee kabureta. Yenye mshale, mshale uelekee eksozi. Klipu za pini ziwe mpya, na baada ya kuzivalisha zizungushe kwa koleo kuhakikisha zimekaa kwenye mfereji wake, maana klipu ikichomoka injini ikiwa inazunguka inachimba bloku jipya kwa dakika moja. Paka oili pistoni, ringi na ukuta. Bana ringi kwa vidole huku bloku likishuka. Likigoma usilisukume, kuna ringi imetoka nje.

Gasketi ziwe mpya, na usizipake silikoni. Ile inayobanwa ikatoka kwa ndani inakatika, inaenda kuziba njia ya oili, na roka zinaungua. Hakikisha pushirodi zimekaa kwenye vikombe vyake. Kaza nati za hedi mshazari kwa awamu tatu. Nati za studi za 8 mm kwenye injini hizi ndogo hukazwa kwa kiasi cha Nm 20. Fuata kitabu cha pikipiki yako kama unacho. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, tumia spana fupi na nguvu ya kiganja, si ya bega.

Weka valvu 0.08 mm injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu kwenye alama ya T. Fila geji ipite kwa kuburuza kidogo, kama karatasi katikati ya kitabu. Zungusha magneti kwa mkono mizunguko miwili kamili, upime tena. Kama kuna kitu kinagoma, utakihisi hapa kwa mkono kabla hakijavunjika kwa kiki.

Chujio la oili lililo chini ya injini, lenye springi na wavu, lioshe. Unga wa pistoni ya zamani umejaa pale. Lile la kuzunguka lililo kwenye ncha ya kranki, nyuma ya kifuniko cha kulia, nalo lina uchafu. Kifuniko hicho kama hujiamini mwite fundi akufungulie, umlipe kazi hiyo tu, lakini lisirukwe. Kisha weka oili mpya, acha kifuniko cha valvu wazi, plagi ikiwa nje na swichi imezimwa, piga kiki polepole mara nyingi mpaka uione oili imefika kwenye roka kwa macho yako. Isipofika, usiwashe. Kuna njia imeziba au pampu haisukumi.

Ikiwaka, itatoa moshi kidogo wa oili uliyopaka, utakwisha. Usiiache ikinguruma palepale muda mrefu. Iendeshe dakika kumi, ipoe kabisa, kagua kama inavuja. Kilomita 500 za kwanza usibebe kreti za zabibu wala abiria wawili, usivute mafuta zaidi ya nusu, na badilisha badilisha mwendo. Kwenye kilomita 300 mwaga oili uweke mpya, hata kama inaonekana safi.

Kuhusu yule fundi, usigombane naye. Mwambie aifungue mbele yako, akuonyeshe pistoni na konirodi, ndipo ataje bei. Huenda laki mbili na themanini ni sawa kabisa kama kranki imekufa, na ni nyingi kama ni pistoni peke yake. Bei inayotajwa injini ikiwa bado imefungwa haijui inalipia nini.

Na oili: hapana, si yoyote. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini. Oili nyingi za magari zimetiwa vilainishi vinavyoifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi kama hiyo, na kwa joto la huku 20W-50 inafaa. Kupima, simamisha pikipiki wima mahali tambarare, futa kijiti, kichomeke bila kukikaza nyuzi zake, ukitoe ukitazame. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza. Kikionyesha chini ya alama ya chini, usitoke Hombolo mpaka umeongeza.